Jirani Aliyepewa Notisi kwa Ajili ya Makorokoro

Watu wengi, waionapo karatasi yenye muhuri wa Halmashauri, hudhani kwamba hukumu imekwisha katwa. Mmoja huificha chini ya godoro asiione tena. Mwingine huipasua kwa hasira mbele ya watoto wake. Wa tatu huikunja akaenda nayo kilabuni kuwauliza walevi maana yake. Wote watatu hupoteza siku, na katika shauri la namna hii siku ndizo mali. Somo letu la leo ni juu ya jirani aliyepewa karatasi hiyo kwa sababu ya vitu vilivyorundikana uwanjani kwake, na juu yako wewe ukaaye ng'ambo ya ua wake, ambaye waweza kumfaa kuliko mtu mwingine yeyote.

Nyanda za Juu Kusini zina makorokoro mengi, na sababu yake si uvivu wa wenyeji. Mji wa Mbeya ulianzishwa mwaka 1927, zama za kutafuta dhahabu ya Lupa, na tangu siku zile mitambo, magari na mapipa yalipandishwa huku kutoka mbali kwa gharama kubwa. Na kitu kilichofika kwa shida hakitupwi upesi. Kisha ikaja barabara kuu ya lami iendayo Zambia, na reli ya TAZARA iliyojengwa kuanzia mwaka 1970 hadi 1975. Malori yapandayo Mlima Kitonga, na yale yashukayo kuingia Mbeya, huvunjika ekseli, huunguza breki, na mengine huanguka. Mabaki yake huishia katika nyua za mafundi, kama wale wa Ipogolo chini ya mji wa Iringa, na wale wa Uyole mahali barabara ya Tukuyu inapoachana na barabara kuu. Springi ya lori huwa panga au jembe kwa mhunzi. Tairi huwa katambuga. Pipa hukatwa likawa jiko au chombo cha kuwekea maji. Basi mpita njia akionapo rundo la chuma lenye kutu, huona uchafu. Lakini mwenye rundo huona karo ya shule, na mara nyingi ndiye asemaye kweli.

Lakini si kweli yote. Katika rundo lile lile mna vitu visivyokuwa mali ya mtu tena, ila makao ya mbu, panya na nyoka. Tairi likiachwa wazi mvua ikanyesha, maji hubaki ndani yake hata baada ya nchi kukauka, na mbu aina ya Aedes, aenezaye homa ya dengu, hupenda mno kutaga humo. Mayai yake huweza kukaa makavu miezi kadhaa, yakisubiri mvua nyingine. Ni kweli kwamba mabonde ya juu ya Iringa na Mbeya yana baridi, na mbu hukua pole pole kuliko pwani. Tena milipuko mikubwa ya dengu, kama ile ya mwaka 2014 na ya mwaka 2019, iliwapiga zaidi watu wa Dar es Salaam. Hata hivyo matairi hayakai mahali pamoja. Hupakiwa juu ya malori pamoja na mayai ya mbu yaliyomo, nayo malori huja huku. Na panya hawahitaji joto. Wilaya ya Lushoto, nayo ni nchi ya milima na baridi kama hii yetu, ilisumbuliwa na tauni mara kwa mara kuanzia mwaka 1980, ugonjwa ambao viroboto wa panya huuleta kwa watu. Kwa hiyo Bwana Afya apitapo na kitabu chake hana chuki na fundi. Ana sababu, na jirani ataweza kumsaidia fundi iwapo tu ataikubali sababu hiyo tangu mwanzo.

Tutazame sasa nguvu ya karatasi yenyewe. Amri ya kumtaka mtu asafishe kwake si jambo jipya. Sheria ya Utawala wa Wenyeji ya mwaka 1926 iliwapa machifu uwezo wa kutoa amri za kuzuia uchafuzi wa maji na kuenea kwa maradhi, na asiyetii alipelekwa barazani. Uchifu ukaondolewa mwaka 1963. Serikali za mitaa nazo zikafutwa mwaka 1972, kisha zikarudishwa kwa sheria mbili za mwaka 1982, moja ya mamlaka za wilaya na moja ya mamlaka za miji. Kwa sheria hizo Halmashauri hutunga sheria ndogo, nazo hazina nguvu mpaka Waziri mwenye dhamana azikubali na zitangazwe katika Gazeti la Serikali. Kijiji nacho chaweza kutunga sheria ndogo, lakini hapana budi ipitishwe na Halmashauri ya Wilaya. Juu yake zipo sheria za nchi nzima: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009. Hii ya mwisho ndiyo isemayo juu ya kero, yaani hali ya mahali iwezayo kudhuru afya ya watu. Shabaha ya sheria ya kero ni kwamba kero iondoke. Adhabu huja nyuma, kwa yule aliyeambiwa akakataa.

Jambo hili watu wengi hawalijui, nasi twalirudia: notisi si hukumu. Notisi ni sauti ya mwenye mamlaka akimwambia mtu, tumeona hiki na hiki, kiondoe kabla ya siku fulani. Siku hiyo ikipita bila tendo lolote, ndipo shauri laweza kupelekwa mahakamani, au Halmashauri yaweza kukiondoa kitu hicho yenyewe na kumdai mwenye uwanja gharama zake. Mtu maskini huumia zaidi kwa njia hii ya pili kuliko kwa faini, kwa sababu lori la Halmashauri halichagui kipuri na taka. Huzoa vyote.

Tuweke mfano, wala si mtu fulani. Fundi mmoja mwenye umri wa miaka 60 hivi ana uwanja karibu na barabara. Amekusanya kwa muda wa miaka 20: mabodi mawili ya pikapu, injini tatu, matairi yasiyohesabika, mapipa ya oili, betri, mabati, chupa na vyuma chakavu vya kila namna. Mkewe amefariki, watoto wamehama. Hivi karibuni amepewa notisi ya siku 14. Amekwisha kaa nayo siku 5, na sasa majirani wameanza kunong'ona.

Yule anayetaka kumsaidia aende mwenyewe, wala asitume mtoto. Na aende kama aendavyo mtu kwa mkubwa wake. Ukiwa Iringa, utaingia kwa kamwene. Ukiwa kwa Wanyakyusa, utaingia kwa ugonile. Na habari za nyumbani zitatangulia habari za notisi. Wala neno takataka lisitoke kinywani mwako hata mara moja. Mwite Mzee au Baba kama umri wake utakavyo, na uviite vitu vyake kwa majina yake: hii ni difu, hii ni gia boksi, hii ni rejeta. Mtu akisikia vitu vyake vikitajwa kwa jina, hujua kwamba hukuja kumcheka. Pengine atakueleza historia ya kila chuma, naye akisema, msikilize. Ile pikapu yaweza kuwa ndiyo iliyompeleka mkewe hospitali. Saa nzima itapita bila kazi yoyote kufanyika, lakini bila saa hiyo kazi ya siku 9 zilizobaki haitafanyika kabisa. Twajua wapo wasomaji watakaoona haya ni maneno ya kupoteza wakati. Na wajaribu kuanza kwa koleo, waone.

Baada ya hayo, omba uione karatasi, uisome naye kwa sauti, polepole. Ukiwa hujui kusoma vizuri, mtafute mwalimu au kijana wa sekondari. Yapo mambo yanayopasa kuonekana ndani yake: jina la mwenye uwanja, mahali penyewe, kitu kinacholalamikiwa, sheria inayotajwa, siku ya mwisho, na sahihi ya aliyeitoa. Iandike siku ya mwisho ukutani kwa mkaa. Kisha tazama ni nani aliyeitoa, maana hapa ndipo watu wengi hupotea njia. Karatasi ya Bwana Afya wa kata hushughulika na kero. Lakini ikiwa yatoka TANROADS, basi tatizo ni mahali ambapo vitu vimewekwa, si uchafu wake. Kwa kuwa Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 imetenga kwa barabara kuu mita 30 kila upande kutoka katikati ya njia, na chuma kilichong'arishwa kama sahani ya Idi hakiruhusiwi kukaa humo. Barabara za wilaya na za mitaa ziko chini ya TARURA tangu mwaka 2017. Mtu aliyeamriwa kutoka katika hifadhi ya barabara asihangaike kufukia madimbwi. Na ajipime kwanza, asogeze vitu ndani ya kiwanja chake, ndipo ayatazame mambo ya usafi.

Ikiwa notisi haieleweki, au yataja sheria bila kusema ni ipi, mna haki ya kwenda ofisini kuuliza, tena ni vizuri kufanya hivyo siku ile ile. Nendeni wawili: mwenyewe na jirani. Anzeni kwa mwenyekiti wa mtaa au wa kijiji, ambaye huwajua nyote, kisha mtendaji wa kata, kisha Bwana Afya. Muulizeni Bwana Afya kwa adabu swali moja lenye thamani kuliko maswali yote: ni kipi hasa unachotaka tukiondoe, na ni kipi kikipangwa vizuri chaweza kubaki? Maafisa wengi wakiulizwa hivyo hulegea, kwa maana wamezoea kukimbiwa au kutukanwa. Atakachosema kiandikwe. Kama siku hazitoshi, mwandikieni barua ya kuomba nyongeza, mkieleza kazi iliyokwisha fanyika na kazi iliyosalia, na mbaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Barua ya mistari 6 inayosema tumekwisha ondoa matairi 40, twaomba siku 10 kwa ajili ya mabodi ya magari, ina nguvu kuliko kurasa nne za kulia umaskini.

Sasa kazi yenyewe. Katika nchi yetu watu wamezoea kulima na kujenga kwa ujima, na desturi hiyo yafaa hapa vile vile. Vijana 8 kwa Jumamosi mbili huweza kumaliza uwanja ambao mzee peke yake asingeumaliza kwa mwaka. Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni nzuri zaidi, maana imekuwa siku ya usafi nchini. Tena baada ya Desemba 9, 2015, siku ambayo sherehe za Uhuru ziliahirishwa ili watu wafanye usafi nchi nzima, si ajabu tena kuona mtu na mkewe wakibeba fagio barabarani. Ulanzi au komoni ni desturi ya kuwashukuru waliofanya kazi, lakini ushauri wetu ni kwamba kibuyu kitoke baada ya kazi kwisha. Betri na glasi zilizovunjika si vitu vya kushikwa na mtu aliyekunywa.

Mzee na akae kitini katikati ya uwanja, awe ndiye mwenye kusema. Kila kitu kiinuliwe mbele yake, naye aseme kiende wapi. Vipuri vya kazi vipangwe juu ya mbao au mawe, visiguse ardhi, na vifunikwe kwa bati au turubai. Vyuma vya kuuza virundikwe karibu na lango. Na taka za kutupa zipelekwe mahali palipowekwa na Halmashauri. Atasitasita. Atasema hiki nitakihitaji. Usibishane naye juu ya kila kitu, la sivyo jua litakuchwea mikononi. Mpe nafasi ya kubaki na vitu vichache visivyo na faida, mradi visishike maji wala visihifadhi panya. Ile pikapu ya mkewe, ikitolewa matairi na kufungwa vioo, na majani yakafyekwa chini yake, huenda Bwana Afya asiwe na neno nayo. Lakini ulizeni kwanza.

Mambo mawili yanatakiwa uangalifu mkubwa. La kwanza ni moto. Watu wengi wakiona matairi mengi hufikiri njia rahisi ni kuyachoma usiku. Tairi likiwaka hutoa moshi mweusi wenye sumu, hushindikana kuzimwa, na mafuta yake huzama ardhini. Tena fundi aliyekuwa na shauri moja hujikuta ana mawili, la pili likiwa zito kuliko la kwanza, kwa sababu ya Sheria ya Mazingira. Matairi mabovu yaweza kutobolewa matundu makubwa ili yasishike maji, yakajazwa udongo na kupangwa kuzuia mmomonyoko kwenye mteremko, au kuuzwa kwa watengenezaji wa katambuga. La pili ni betri na oili chafu. Ndani ya betri mna asidi iunguzayo ngozi, na risasi idhuruyo akili za watoto hata ikiwa kidogo sana. Isivunjwe uwanjani wala maji yake yasimwagwe mferejini. Na kule Ipogolo mferejini maana yake ni Mto Ruaha Mdogo, unaonywewa na watu walio chini. Betri nzima huuzwa kwa wanunuzi wenye kibali. Oili ikusanywe katika dumu lenye kifuniko.

Na hapa twapenda kutia neno la hadhari kwa jirani mwenye huruma nyingi. Kati ya vyuma, huenda ukaona kipande cha reli, au komeo za reli, au alama ya barabara, au nyaya nene za shaba za umeme. Vitu hivi ni mali ya umma. Mtu kupatikana na mali idhaniwayo kuwa ya wizi ni kosa la jinai lisilohusiana na usafi, na aweza kufungwa. Usivifiche kwako kwa kumhurumia, maana utakuwa umeingia shimoni pamoja naye badala ya kumtoa. Wala usikimbilie kupiga mbiu. Mshauri mzee aende kwa mwenyekiti pamoja na mwenye kujua sheria, aeleze alivipataje. Mafundi wengi huuziwa vitu hivyo na vijana wasiowajua. Kwa jambo hili usitegemee busara yako mwenyewe. Tafuta wakili au msaidizi wa kisheria kabla ya mzee kutia sahihi yake katika karatasi yoyote.

Wasaidizi wa kisheria wametambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Hao ni watu waliofundishwa mambo ya sheria ili wawaeleze wananchi, wawasaidie kuandika, na kuwapatanisha. Hawaruhusiwi kusimama mahakamani kama mawakili, wala hawaruhusiwi kutoza fedha. Ofisi ya maendeleo ya jamii katika Halmashauri ndiyo mahali pa kuuliza walipo. Tena kila mwaka, kati ya mwisho wa Januari na mwanzo wa Februari, kuna Wiki ya Sheria, ambapo mahakama hutoka na kuwafundisha watu bure. Mwenye shauri la makorokoro asione haya kwenda kuuliza hapo, kwa kuwa mahakimu wamesikia madogo kuliko hilo.

Tuseme sasa kwamba kazi haikuwahi, na fundi amepelekewa hati ya wito kwenda Mahakama ya Mwanzo. Kitu cha kwanza ni kwenda. Asiyekwenda hutolewa hati ya kukamatwa, na mzee aliyepakiwa garini mbele ya wajukuu haisahau siku hiyo. Lugha ya Mahakama ya Mwanzo ni Kiswahili, kwa hiyo hapana sababu ya hofu ya kutoelewa. Atasomewa kosa na kuulizwa kama akiri au akana. Hapa mzee na aseme kweli yake, si kweli ya mtu mwingine. Kama kosa lililosomwa ni tofauti na lililotendeka, asikiri ili tu mambo yaishe. Na kama ni kweli tupu, asikane kwa sababu watu wa kilabuni wamemwambia kila mtu hukana.

Jirani hawezi kusema kwa niaba yake. Sheria ya Mahakama za Mahakimu humruhusu ndugu au mtu wa nyumba moja kumwakilisha mtu katika mashauri ya madai kwa idhini ya mahakama, lakini hili ni shauri la jinai. Hata hivyo jirani aweza kuwa shahidi, na ushahidi wake una uzito wa pekee, kwa sababu yeye ndiye aliyekaa karibu na hiyo kero. Akisimama akasema, mimi ninaishi hatua 10 kutoka hapo, nimeona uwanja ukisafishwa tarehe hii na hii, sisi majirani 8 tulisaidia, picha tulizopiga kabla na baada ni hizi, barua tuliyopeleka ofisini ni hii yenye muhuri, basi hakimu atakuwa na kitu cha kushika mkononi. Ikiwa fundi amekiri au ameonekana na hatia, maneno hayo hayo humsaidia wakati wa kuomba apunguziwe adhabu. Aseme pia umri wake, kwamba ni kosa la kwanza, na kwamba vitu vimekwisha ondolewa. Kama hakuridhika na hukumu, ana siku 30 za kukata rufani Mahakama ya Wilaya. Siku hizo nazo ziandikwe ukutani.

Yako mashauri ambayo hayafiki huko. Sheria ndogo nyingi zaruhusu kosa lifififilishwe, yaani mtu akubali kosa kwa maandishi na kulipa fedha iliyowekwa, pasipo kwenda mahakamani. Ni njia halali, lakini malipo yake hufanywa kwa namba ya malipo ya Serikali, na stakabadhi hutolewa. Afisa akisema lete kitu kidogo mkononi tumalize, hayo si kufifilisha kosa, hiyo ni rushwa, na mtoaji ana hatia sawa na mpokeaji. Jirani mwema asiwe mjumbe wa bahasha hiyo. Twasema hivi kwa sababu katika mambo haya jirani mwenye maneno mengi na ujuzi wa mjini mara nyingi ndiye huombwa apeleke, akidhani anafanya wema. TAKUKURU wana ofisi Mbeya na Iringa. Tena rushwa haiondoi tairi hata moja: baada ya miezi mitatu afisa mwingine atapita, na rundo liko pale pale.

Limebaki swali moja ambalo wasomaji wangependa kuliuliza. Je, ikiwa mimi jirani ndiye niliyepeleka malalamiko? Mtu asione kwamba amefunga mlango wa kusaidia. Mtoto wake ameugua, panya wameingia ghalani wakala mahindi, alikuwa na haki ya kusema. Kama amekwenda ofisini bila kumwambia mzee, na sasa anaona aibu, basi aende amwambie kabla hajaambiwa na wengine, kisha achukue koleo. Katika vijiji habari hizi hazikai siku tatu. Na kama uhasama umekwisha ingia, Baraza la Kata liliwekwa na sheria ya mwaka 1985 kwa ajili ya kupatanisha, na wazee wa huko wameona majirani waliogombana kwa mambo madogo kuliko kichwa cha trekta.

Kazi ikimalizika, Bwana Afya aitwe aje atazame. Asisubiriwe apite mwenyewe. Akiridhika, aombwe aandike hivyo kwa maneno mafupi juu ya nakala ya notisi, na tarehe, na sahihi yake. Karatasi hiyo mzee aiweke pamoja na hati ya kiwanja na vyeti vya watoto. Fedha za vyuma chakavu zihesabiwe mbele ya mwenyewe, apewe yeye, hata kama vijana walibeba. Na mvua zianzapo, ambazo kwetu huku huanza Novemba au Desemba na kuendelea mpaka Aprili au Mei, jirani apite uwanjani mara moja kwa juma baada ya mvua kubwa, ageuze ndoo iliyosahauliwa, amwage maji yaliyo juu ya turubai, na amsalimu mzee.